SOMA BARABARA YAKO

1. Kibao cha njia panda

Jioni moja tulikuwa tunamaliza darasa letu la kisomo katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Iringa. Kijiji hicho kiko ndani, kilomita sita kutoka barabara kuu ya lami iendayo Mbeya. Mzee mmoja alinyoosha mkono. Mzee huyo alipoanza kisomo hakujua hata kushika kalamu. Sasa anasoma mwenyewe barua za watoto wake.

"Mwalimu," alisema, "ulituambia kuwa mtu akijua kusoma hapotei. Leo nilikuwa pale njia panda nikingoja basi. Nikasoma kibao. Nimesoma Mafinga. Nimesoma Mbeya. Lakini pana herufi T na namba moja. Hilo si neno. Linasemaje?"

Kijana mmoja wa bodaboda alicheka. "Mzee, hilo ni jina la barabara."

"Barabara nayo ina jina?" mzee aliuliza.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akadakia: "Kama ina jina, basi ina mwenyewe. Na kama ina mwenyewe, aje atutengenezee daraja letu!"

Darasa zima lilicheka. Lakini yule mama alikuwa amesema jambo la kweli. Daraja la miti katika njia ya kuingia kijijini lilikuwa limechukuliwa na maji ya masika. Wanakijiji waliandika barua ya kuomba msaada. Barua hiyo ilipelekwa kwenye ofisi isiyohusika na njia ile. Ikakaa huko miezi mingi bila jibu. Wakati huo wagonjwa walivushwa mto kwa mabega ya vijana, na mahindi yaliharibika ghalani kwa kukosa gari.

Kwa nini barua ilipotea? Ilipotea kwa sababu hatukujua barabara yetu ni ya aina gani. Hatukujua mwenyewe ni nani.

Basi jioni ile tuliacha kitabu, tukaanza kusoma barabara. Somo hilo ndilo ninalokuandikia hapa.

2. Barabara si za aina moja

Watu wengi hudhani kuwa barabara kubwa ni ile ya lami, na barabara ndogo ni ile ya udongo. Hivyo sivyo. Iko barabara kuu ambayo bado ni ya changarawe. Iko barabara ya mtaani mjini ambayo ina lami. Barabara hupangwa kwa kazi yake, yaani kwa mahali inapopaunganisha.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara hivi:

Kwanza, barabara kuu. Hizi huunganisha makao makuu ya mikoa, au huunganisha nchi yetu na miji na bandari za nchi jirani.

Pili, barabara za mikoa. Hizi huunganisha makao makuu ya mkoa na makao makuu ya wilaya, au huunganisha wilaya na barabara kuu.

Tatu, barabara za wilaya. Hizi ni nyingi kuliko zote. Ziko zinazotoka wilayani kwenda tarafani. Ziko zinazotoka kwenye kata kwenda vijijini. Ziko zilizo ndani ya kijiji chenyewe.

Mfano wake ni kama mwili wa mtu. Barabara kuu ni mishipa mikubwa ya damu. Barabara za mikoa ni mishipa ya kati. Barabara za wilaya ni mishipa midogo inayofika hadi kwenye vidole. Mishipa midogo ikiziba, kidole hufa ganzi, hata kama moyo unapiga vizuri.

Sasa tuje kwa wenyewe. Barabara kuu na barabara za mikoa husimamiwa na TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Wakala huu ulianzishwa mwaka 2000. Unatunza zaidi ya kilomita 36,000. Barabara za wilaya husimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. TARURA ilianza mwaka 2017. Inatunza zaidi ya kilomita 140,000.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kuandika barua juu ya barabara, jiulize kwanza: Barabara hii inaunganisha nini na nini? Ukipata jibu, umempata mwenyewe. Njia yetu ya kilomita sita inaunganisha kijiji na barabara kuu. Hiyo ni ya wilaya. Barua yetu ilipaswa kwenda TARURA wilayani, na nakala kwa diwani wetu.

Wala tusidhani kuwa tunaomba sadaka. Liko fungu la fedha linaloitwa Mfuko wa Barabara. Fedha nyingi za mfuko huu hutoka kwenye tozo ya mafuta. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa ina sehemu yake inayokwenda kwenye mfuko huo. Yule kijana wa bodaboda analipa kila akijaza mafuta. Hata mama anayesagisha mahindi kwa mashine ya dizeli anachangia, maana bei ya kusaga inabeba bei ya mafuta.

3. Herufi T na namba zake

Sasa turudi kwa mzee wetu na kibao chake.

Herufi T huwekwa mbele ya namba za barabara kuu. Herufi R huwekwa mbele ya namba za barabara za mikoa. Ukiona T, ujue uko kwenye barabara kuu. Ukiona R, ujue uko kwenye barabara ya mkoa.

Baada ya herufi huja namba. Hizi ni baadhi ya barabara kuu na namba zake:

T1 hutoka Dar es Salaam, hupita Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, na hufika Tunduma mpakani mwa Zambia.

T2 huanzia Chalinze, hupita Segera, Korogwe, Moshi na Arusha, na hufika Namanga mpakani mwa Kenya.

T3 huanzia Morogoro, hupita Dodoma, Singida na Nzega, na huendelea hadi Rusumo mpakani mwa Rwanda.

T5 hutoka Iringa, hupita Dodoma na Babati, na huelekea Arusha.

T7 hutoka Dar es Salaam kwenda kusini, hupita Kibiti, na huelekea Lindi na Mtwara.

T8 hutoka Mbeya, hupita Tabora na Nzega, na hufika Mwanza.

Labda utauliza: Namba za nini, wakati majina ya miji yapo? Watu wa Dar es Salaam husema "barabara ya Morogoro". Watu wa Morogoro huiita barabara hiyo hiyo "barabara ya Dar es Salaam". Watu wa Iringa husema "barabara ya Mbeya". Barabara ni moja, majina matatu! Dereva mgeni atachanganyikiwa. Fundi wa barabara akiagizwa kutengeneza shimo, ataenda wapi? Namba huondoa utata huo. T1 ni T1, uwe Dar es Salaam au uwe Tunduma.

4. Twende safari katika T1

Hebu tusafiri kwa mawazo katika T1. Weka kidole kwenye ramani yako, utufuate.

Tunatoka Dar es Salaam asubuhi. Baada ya kilomita mia moja hivi tunafika Chalinze. Hapa pana njia panda kubwa. Msafiri wa Tanga, Moshi na Arusha hukata kulia, huifuata T2. Sisi tunakwenda mbele.

Tunafika Morogoro. Tumekwenda karibu kilomita 190. Pale Msamvu pana mzunguko, ambao madereva huuita kipilefti. Hapa T3 inaagana nasi na kwenda Dodoma. Ukikosea kusoma kibao mahali hapa, utalala Dodoma wakati ndugu zako wanakungoja Iringa.

Mbele yake tunaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Barabara hukata ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Hapa vibao vinabadilika. Tunaona picha za wanyama. Mwendo unapunguzwa. Liko hata bango linaloonyesha faini ya kila mnyama atakayegongwa na gari. Dereva anayesoma bango hilo hupunguza mwendo haraka sana!

Tunafika mlima Kitonga. Barabara inapanda kwa kona nyingi, na upande mmoja ni korongo. Vibao vinaonya: kona kali, mteremko mkali. Malori yenye mizigo mizito hupanda polepole kama kobe. Dereva asiyetii vibao vya Kitonga hucheza na roho za watu.

Tunapita njia panda ya kuingia Iringa mjini. Hapo T5 inatoka kwenda Dodoma. Tunapita Mafinga penye misitu ya misonobari. Tunafika Makambako. Ukikata kushoto, utakwenda Njombe na Songea. Ukinyoosha, utakwenda Mbeya. Baada ya Mbeya tunafika Tunduma. Tumekwenda zaidi ya kilomita 900, na namba yetu ni ile ile, T1.

5. Barabara hii ililetwa na nini?

Wazee wengi wa kando ya T1 wanaikumbuka barabara hiyo kabla ya lami. Ni vizuri vijana nao wajue.

Zambia haina bahari. Zamani shaba yake nyingi ilisafirishwa kwa reli kupitia nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Mwezi Novemba mwaka 1965 walowezi wachache wa nchi hiyo walijitangazia uhuru wao peke yao, bila kuwajali wananchi walio wengi. Njia ya Zambia ya kusini ikawa ya mashaka. Hata mafuta ya magari yakawa adimu.

Zambia ikageukia Dar es Salaam. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kwenda Zambia na kurudi na shaba. Lakini barabara ilikuwa ya udongo. Masika malori yalizama matopeni. Kiangazi vumbi lilikuwa jingi hata dereva hakuona mbele. Wengi walikufa. Madereva wageni waliiita njia ya jehanamu.

Ndipo kazi ya kuweka lami ikafanywa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bomba la mafuta la TAZAMA nalo lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Barabara, bomba na reli ni ndugu watatu waliozaliwa kwa shida moja.

Kwa hiyo T1 si njia ya kwenda sokoni tu. Ilikuwa mkono tuliompa jirani wakati wa dhiki.

6. Namba zikivuka mpaka

Kijana wa bodaboda aliuliza swali zuri: "Mwalimu, tukivuka Tunduma, bado tuko T1?"

La. Kila nchi hupanga namba zake. Ukivuka Tunduma unaingia Nakonde, upande wa Zambia. Barabara inayoendelea hapo kuelekea Lusaka inaitwa T2. Lakini hiyo ni T2 ya Zambia. Haina uhusiano na T2 yetu ya Chalinze na Arusha. Ni kama majina ya watu. Yuko Juma wa kijiji hiki, na yuko Juma wa kijiji cha pili. Hawana baba mmoja.

Kenya hutumia herufi A, B, C na nyinginezo. Herufi A ni kwa barabara kubwa. Mwaka 2016 Kenya ilizipanga upya namba zake. Zamani barabara ya Mombasa hadi Nairobi iliitwa A109, na ile ya Nairobi hadi Malaba mpakani mwa Uganda iliitwa A104. Sasa zote mbili ni barabara moja, A8. Kwa hiyo ukishika ramani ya zamani, angalia mwaka ilipochapishwa, usije ukapotezwa na namba iliyokwisha badilishwa.

Liko pia jambo kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1971 Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika ilianza mpango wa barabara za kuunganisha Afrika nzima. Katika mpango huo ziko barabara tisa, na kila moja ina namba. Barabara namba 4 hutoka Cairo, Misri, na huenda hadi Cape Town, Afrika Kusini. Urefu wake unazidi kilomita 10,000. Kwetu hupita Namanga, Arusha, Babati, Dodoma, Iringa, Mbeya na Tunduma.

Kwa miaka mingi kipande cha Dodoma hadi Babati kilikuwa cha vumbi na matope. Lami yake, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Mkulima wa Kondoa sasa yuko kando ya njia ya Cairo na Cape Town. Na mzee wetu, alipokaa pale njia panda akingoja basi, alikuwa amekaa kando ya njia hiyo hiyo.

Aliposikia hivyo alitikisa kichwa. Akasema, "Kumbe nimeishi miaka yote hii barazani kwa Afrika nzima, wala sikujua."

7. Alama zinasema kwa umbo na rangi

Vibao vingine havina maneno. Vimewekwa hivyo ili hata mtu wa lugha nyingine aelewe. Ukijua maumbo, umejua nusu ya kazi.

Pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha yake juu, ni onyo. Inasema: Angalia, mbele kuna jambo. Picha ya ndani huonyesha jambo lenyewe, kama kona, watoto wa shule, au ng'ombe.

Pembetatu iliyogeuzwa, ncha yake chini, inasema: Mpishe mwenzako.

Duara lenye ukingo mwekundu ni katazo au mpaka. Likiwa na namba 50 ndani, linasema: Usizidishe mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kibao hiki huwekwa penye makazi ya watu.

Duara la buluu ni amri. Linasema: Fanya hivi. Kama mshale umeelekea kushoto, lazima upite kushoto.

Kibao chekundu chenye pembe nane kinasema: Simama kabisa. Si kupunguza mwendo. Simama.

Kibao cha mstatili hutoa habari, kama vile hospitali, mizani, jina la mto, au umbali wa mji.

Alama hizi si za madereva peke yao. Wewe unayetembea kwa miguu zinakuhusu. Ukiona mistari mieupe ya pundamilia, hapo ndipo pa kuvukia. Lakini usivuke kwa kuuamini mstari. Mstari hauna breki. Simama, tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Magari yakisimama, vuka. Na kwa kuwa magari kwetu hupita upande wa kushoto, mwenda kwa miguu ni heri atembee upande wa kulia, ili aone gari linalomjia.

8. Kigingi kilichookoa watu wawili

Pembeni mwa barabara kuu nyingi kuna vigingi vifupi vyenye namba. Hivyo ni vigingi vya kilomita. Vinaonyesha umbali kutoka mji fulani. Watoto hupenda kuvikalia. Watu wazima huvipita bila kuvitazama. Sikiliza kisa hiki.

Usiku mmoja wa mvua, lori la mbao lilipinduka karibu na njia panda yetu. Dereva na utingo wake walibanwa ndani. Watu walikimbilia pale. Mmoja akapiga simu 112, ambayo ni ya polisi. Akaulizwa, "Mko wapi?" Akajibu, "Tuko hapa hapa kwenye kona!" Akaulizwa, "Kona ipi?" Akajibu, "Hii penye mti mkubwa!" Ndugu msomaji, kati ya Iringa na Makambako kuna kona ngapi, na kuna miti mingapi?

Yule kijana wetu wa bodaboda ndipo alipokumbuka somo. Aliwasha taa ya simu, akatembea kando ya barabara hadi akakiona kigingi. Alifuta matope kwa mkono. Akasoma namba. Akachukua simu, akasema, "Tuko barabara T1, kati ya Iringa na Mafinga, karibu na kigingi cha kilomita hii, upande wa kushoto ukitoka Iringa."

Gari la polisi halikutafuta. Lilikuja moja kwa moja. Watu wale wawili walitolewa wakiwa hai. Utingo alivunjika mguu, lakini leo anatembea.

Kijana alisoma herufi moja na namba chache tu. Zilitosha.

9. Hifadhi ya barabara na herufi X

Sasa tuje kwenye jambo linalowaliza wengi. Iko herufi moja inayoogopwa kuliko zote kando ya barabara. Herufi hiyo ni X, inayopakwa kwenye ukuta wa nyumba.

Barabara si lami peke yake. Pembeni mwa lami kuna eneo lililotengwa, linaloitwa hifadhi ya barabara. Eneo hilo ni la mifereji, la vibao, na la kupanua barabara siku zijazo. Zamani, kwa barabara kuu, hifadhi ilikuwa mita 22 na nusu kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya mwaka 2007 iliongeza, ikawa mita 30 kila upande. Kwa barabara za wilaya hifadhi ni ndogo zaidi. Uliza ofisi yako ya TARURA kabla ya kujenga.

Hapa kuna tofauti kubwa ya kuelewa. Mtu aliyejenga ndani ya zile mita 22 na nusu za zamani, alijenga mahali pasipo pake. X yake huwa nyekundu. Hubomolewa bila fidia. Lakini mtu aliyejenga kihalali nje ya mita 22 na nusu kabla ya sheria mpya, yeye hakuifuata barabara. Barabara ndiyo iliyomfuata. Huyo ana haki ya kufidiwa ikiwa eneo lake linatakiwa. X yake huwa ya kijani.

Mama mmoja mjane wa kando ya barabara kuu alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na mgahawa mdogo. Siku moja alirudi shambani akakuta X nyekundu ukutani. Majirani walilia naye. Wengine walimwambia avunje mapema aokoe mabati. Yeye hakuvunja. Alikuwa amesoma kisomo. Alimwomba mwenyekiti wa kitongoji aje na kamba ya kupimia. Vijana wawili walisimama huku na huku kuangalia magari. Wakapima kutoka katikati ya barabara. Nyumba ilikuwa mita 27.

Kisha alifungua sanduku lake. Mlikuwa na barua ya serikali ya kijiji ya mwaka 1998 iliyompa kiwanja kile. Karatasi ilikuwa imeliwa na mende pembeni, lakini tarehe na mhuri vilisomeka. Akaipeleka ofisini. Wapimaji wakarudi, wakapima tena. X nyekundu ikafutwa, ikapakwa ya kijani. Jina lake likaingia kwenye orodha ya fidia.

Jirani yake alikuwa amejenga duka mwaka 2012, mita 15 kutoka katikati ya barabara. Mtu fulani alimuuzia kiwanja hicho bila karatasi yoyote. Alipoteza duka, na aliyemuuzia hakuonekana tena. Hatumcheki. Tunajifunza kwake. Kabla ya kununua kiwanja cha barabarani, pima. Na karatasi yenye tarehe na mhuri ihifadhi kama unavyohifadhi mbegu.

10. Kibao ni mali yetu

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Watu wengine hung'oa vibao vya barabarani na kuviuza kama vyuma chakavu. Wengine huvitumia nyumbani. Nimewahi kuona kwa macho yangu mlango wa banda la kuku uliokuwa kibao cha kona kali. Kuku walilala salama. Lakini katika kona ile ile, isiyokuwa tena na kibao, pikipiki iliyobeba baba na mtoto ilitumbukia korongoni usiku. Baba alikufa. Hakuwa mgeni wa mbali. Alikuwa wa kijiji cha pili.

Kung'oa kibao ni kosa la jinai. Lakini hata kama kusingekuwa na sheria, fikiri: aliyeng'oa alipata bati moja. Mtoto yule alipoteza nini?

Basi kijiji chetu kilifanya nini? Tulikaa, tukaandika barua mpya. Tuliandika barabara inatoka wapi na inakwenda wapi. Tuliandika urefu wake, kilomita sita. Tuliandika daraja liko kilomita ngapi kutoka njia panda. Mzee wetu ndiye aliyesoma barua hiyo kwa sauti mbele ya mkutano, na watu wakaipitisha. Safari hii ilikwenda kwa mwenyewe. Wiki ya tatu mhandisi alikuja kupima. Kiangazi kilichofuata makalavati yaliwekwa. Sasa gari la mahindi linaingia, na mgonjwa hatoki tena kwa mabega.

Mambo ya kukumbuka

1. Barabara hupangwa kwa mahali inapopaunganisha, si kwa lami.
2. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Barabara za wilaya na vijiji ni za TARURA.
3. Herufi T ni barabara kuu. Herufi R ni barabara ya mkoa.
4. Ajali ikitokea, taja namba ya barabara na kigingi cha kilomita.
5. Usijenge ndani ya hifadhi ya barabara. Tunza karatasi za kiwanja chako.
6. Linda vibao. Vinalinda watu.

Maswali ya mazungumzo

1. Barabara ya kijiji chako inaunganisha nini na nini? Mwenyewe ni nani?
2. Kwa nini barua ya kwanza ya wanakijiji haikujibiwa?
3. Barabara kuu iliyo karibu nawe ina namba gani? Inaanzia wapi na inaishia wapi?
4. Mama mjane alitumia vitu gani viwili kutetea nyumba yake?
5. Je, kijijini kwako kuna kona au daraja hatari lisilo na kibao? Mtamwandikia nani?

Kazi ya kufanya

Nendeni pamoja hadi barabara iliyo karibu. Andikeni kila neno, herufi na namba mtakayoiona kwenye vibao. Rudini darasani, mzisome kwa zamu.

Maneno mapya

Fidia: malipo ya kumrudishia mtu mali aliyopoteza.
Hifadhi ya barabara: eneo lililotengwa pande zote mbili za barabara.
Kalavati: bomba kubwa la zege la kupitisha maji chini ya barabara.
Kigingi: nguzo fupi iliyosimikwa ardhini.
Tozo: fedha inayokatwa kwa ajili ya kazi maalumu.